Bahasha Iliyofika: Uchambuzi wa Ukusanyaji wa Stempu za Urusi na Nchi za Baltiki

Desemba 1918, mwezi mmoja tu baada ya Latvia kutangaza uhuru wake, mji wa Riga haukuwa na karatasi ya kuchapia stempu. Vita vilikuwa vimemaliza akiba yote. Kilichopatikana ni ramani za kijeshi zilizoachwa na Wajerumani: upande mmoja umechorwa mito, barabara na vijiji, upande wa pili mweupe. Serikali hiyo changa ikachapa stempu yake ya kwanza, ya kopeki 5, kwenye upande mweupe. Msanii Ansis Cīrulis alichora jua, masuke ya nafaka na nyota 3. Kila karatasi kubwa ilitoa stempu 228, na mgongoni mwa kila moja kikabaki kipande cha nchi, pengine daraja, pengine nusu ya jina la kijiji.

Karibu kila mkusanyaji wa stempu za Ulaya anaifahamu stempu hiyo, na anayesikia habari zake kwa mara ya kwanza hudhani bei yake inatisha. Haitishi. Ilichapwa kwa wingi, na hadi leo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuinunua. Kilicho ghali, na kigumu kupatikana, ni bahasha iliyobandikwa stempu hiyo mjini Riga katika majuma yake ya kwanza, ikagongwa muhuri, ikasafirishwa na kumfikia mwenyewe. Jeshi Jekundu la Wabolsheviki liliingia Riga tarehe 3 Januari 1919. Kwa hiyo posta ya Latvia iliitumia stempu hiyo katika mji wake mkuu kwa muda wa kama majuma 2 tu kabla ya serikali kuhama.

Hali hiyo imejirudia katika eneo lote kwa karne moja na nusu. Stempu ni dai. Kwa kuichapa, dola inatangaza kwamba ipo, ina mipaka na ina posta. Bahasha iliyofika ni ushahidi kwamba dai hilo lilikubaliwa na karani fulani, siku fulani, kwenye njia fulani. Katika nchi ambazo serikali zilipokezana kwa utulivu, dai na ushahidi havipishani sana. Lakini Urusi na Baltiki ni eneo ambalo himaya zilivunjika mara 2 ndani ya karne moja, na makamanda kadhaa wenye mashine ya chapa walitoa stempu zao wenyewe. Hapo pengo kati ya dai na ushahidi linakuwa kubwa, na ndani ya pengo hilo ndimo wanamoishi waghushi. Msimamo wangu ni kwamba anayetaka kukusanya vitu vya eneo hili kwa makini aanzie kwenye historia ya posta, yaani bahasha, mihuri, njia na viwango vya malipo. Stempu tupu zilizo adimu zije baadaye, kama fedha zitaruhusu.

Urusi yenyewe ilichelewa kuingia katika mambo haya. Uingereza ilitoa stempu ya kwanza mwaka 1840. St Petersburg ilikuwa na bahasha zenye chapa ya malipo kwa ajili ya posta ya mji tangu 1845, lakini stempu ya kubandika, ya kopeki 10, rangi ya kahawia na buluu, ilitolewa Desemba 1857 ili ianze kutumika Januari 1858. Hata Ufini, iliyokuwa chini ya Tsar, iliitangulia kwa karibu miaka 2, kwani ya kwake ilitoka Machi 1856. Stempu hiyo ya kopeki 10 ilitolewa bila matundu ya kuchania kwa sababu mashine ya kutoboa haikuwa tayari, ikabidi ikatwe kwa mkasi. Karatasi yake ni nene, na ukiiinua kwenye mwanga utaona tarakimu 1 iliyofichwa ndani. Stempu za kopeki 20 na 30 zilizofuata zilifichwa tarakimu 2 na 3.

Mwanzoni makarani hawakuwa na mihuri ya kuzuia stempu isitumike tena. Waliamriwa wazifute kwa kalamu na wino, wakiandika jina la mji na tarehe. Baadaye mwaka huohuo ikaja mihuri ya nukta yenye namba katikati, 1 kwa St Petersburg, 2 kwa Moscow na kuendelea, huku umbo la muhuri likionyesha cheo cha mji. Stempu ya kopeki 10 isiyotumika kabisa ni adimu mno, na soko likazoea kuilipia mara nyingi zaidi ya ile yenye mistari ya wino. Kilichofuata kilitarajiwa: watu wakaanza kuosha wino. Walifuta jina la mji, wakafuta tarehe, wakafuta kila kitu kilichoonyesha kwamba mtu alimwandikia mwenzake katika majira yale ya baridi, ili wapate kipande safi cha kuuza. Soko linaloheshimu usafi kuliko safari lilizaa uharibifu huo, na bado linauzaa. Kwangu mimi, stempu ya kopeki 10 ikiwa juu ya barua yake, na wino wa karani unaosomeka, inastahili heshima kubwa kuliko ile safi yenye shaka.

Sehemu tajiri kuliko zote katika kipindi cha himaya ni posta za zemstvo. Mageuzi ya Tsar Alexander II ya mwaka 1864 yaliunda mabaraza ya wilaya yaliyoitwa zemstvo, yakashughulikia barabara, shule na hospitali. Posta ya dola iliishia kwenye mji mkuu wa wilaya. Mwanakijiji aliyekuwa mbali na mji angeweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba kuna barua yake. Mabaraza yakaajiri wapeleka barua wenye farasi, na mengi yakaanza kuchapa stempu zao. Mwaka 1870 serikali iliruhusu jambo hilo rasmi, kwa sharti kwamba stempu hizo zisifanane na za dola. Zaidi ya wilaya 150 zilitoa stempu kabla ya mapinduzi kufagia mfumo wote. Nyingine zilichapwa na viwanda bora vya St Petersburg, nyingine zilipigwa kwa muhuri wa mkono na mtu ambaye hakuwa mchoraji, na utaona wanyama wa nembo, mizinga ya nyuki, miganda ya ngano na majina ya wilaya ambazo leo hazimo kwenye ramani yoyote.

Barua iliyotoka kijijini kwenda Moscow ilibeba stempu 2, ya zemstvo kwa safari ya kufika mjini na ya dola kwa safari iliyobaki. Bahasha yenye zote mbili, kila moja na muhuri wake, inakuonyesha mfumo mzima wa utawala kwa kuitazama mara moja. Haziko nyingi. Wakulima wengi wakati huo hawakujua kusoma, barua zilikuwa chache, na wakusanyaji wa karne ya 19 walikuwa na tabia ya kukata stempu na kutupa bahasha. Katalogi za Fyodor Chuchin na Carl Schmidt, zilizotoka katika miaka ya 1920 na 1930, bado ndizo nguzo za fani hii.

Mikoa ya Baltiki haikupewa zemstvo. Hata hivyo wilaya ya Wenden, ambayo leo ni Cēsis nchini Latvia, ilikuwa na posta yake tangu miaka ya 1860 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya wenye ardhi wa asili ya Kijerumani, na stempu zake za mwanzo zina maandishi ya Kijerumani. Ni ushahidi mdogo lakini wa wazi wa nani hasa aliyetawala mashambani huko: bendera ya Tsar ilipepea, lakini barua za ndani ya wilaya ziliongozwa na watu waliozungumza Kijerumani.

Kuhusu stempu zinazotajwa magazetini kila zinapopigwa mnada, nitasema machache. Stempu ya kopeki 6 ya posta ya mji wa Tiflis, ya mwaka 1857, ilitangulia ile ya himaya nzima, na zinazojulikana kubaki duniani zinahesabika kwa vidole vya mkono. Baadhi yake ziliwahi kumilikiwa na Agathon Fabergé, mtoto wa sonara maarufu wa Tsar, aliyekimbia Urusi ya Kisovieti mwaka 1927 akaingia Ufini, na ambaye mkusanyo wake mkubwa ulianza kuuzwa London mwaka 1939. Mtu mwenye mamilioni na ashindanie hiyo. Kwa sisi wengine, thamani ya habari hii ni kutueleza kwa nini vitu bora vya Urusi vinapatikana zaidi London, Geneva na New York kuliko Moscow. Wakimbizi walibeba kilichobebeka, na serikali ya Kisovieti ikaweka biashara ya stempu na nchi za nje chini ya ukiritimba wake, hata kubadilishana stempu na mgeni kukatozwa kodi yenye stempu zake maalumu. Chama cha Rossica kilianzishwa na Warusi wa uhamishoni mwaka 1929, na wenzao wa Uingereza wakaunda chao mwaka 1936. Elimu ya fani hii ilikulia ugenini.

Kama kuna mtu mmoja ambaye kazi yake inaunganisha pande zote za uchambuzi huu, ni Rihards Zariņš. Alizaliwa mwaka 1869 katika eneo ambalo leo ni Latvia, akasomea sanaa St Petersburg, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha dola kilichochapa noti na stempu. Alikuwa mmoja wa wachoraji wa stempu za mwaka 1913, zilizoadhimisha miaka 300 ya ukoo wa Romanov na ambazo kwa mara ya kwanza ziliweka nyuso za watawala kwenye posta ya Urusi. Inasimuliwa kwamba makarani watiifu waliona vibaya kupiga muhuri mweusi kwenye uso wa Tsar. Miaka 2 baadaye sarafu za fedha zilipotoweka mifukoni kwa sababu ya vita, nyuso hizohizo za kopeki 10, 15 na 20 zilichapwa kwenye karatasi ngumu, zikaandikwa nyuma kwamba zinatumika sawa na sarafu za fedha. Watu wakanunulia mkate.

Mwaka 1917, Tsar akiwa ameshaanguka, Zariņš huyohuyo alichora mkono wenye upanga unaokata mnyororo, na nyuma yake jua linachomoza. Stempu hizo 2, za kopeki 35 na 70, zilitayarishwa chini ya Serikali ya Muda, lakini zikatolewa na Wabolsheviki katika mwaka wa kwanza wa mapinduzi yao, Novemba 1918. Wengi wanazihesabu kuwa stempu za kwanza za Kisovieti. Kisha Zariņš akarudi Latvia, akashiriki kubuni nembo ya taifa na kuchora sarafu ya lati 5 ya mwaka 1929, yenye uso wa msichana ambao Walatvia wanaupenda mpaka leo. Alifariki mwaka 1939, mwaka mmoja kabla ya Muungano wa Kisovieti kuimeza nchi yake.

Turudi kwenye upanga na mnyororo. Stempu hizo zikiwa tupu zinauzwa kwa bei ndogo sana. Sababu yake iko kwenye historia ya posta: kuanzia tarehe 1 Januari 1919 serikali ya Kisovieti iliruhusu barua za kawaida zisafiri bure, na malipo yaliporudishwa mwaka 1921, mfumuko wa bei ulikuwa umeifanya kopeki 70 isiwe kitu. Kwa hiyo muda wa kuzitumia stempu hizo kama zilivyokusudiwa ulikuwa majuma machache. Bahasha halali ya majuma hayo ni kitu cha kutafutwa kwa miaka. Bahasha zenye mihuri iliyogongwa baadaye ili kumridhisha mnunuzi ni nyingi. Stempu ni ileile, gundi ni ileile, na bei ya haki inapishana kupita kiasi kwa sababu ya tarehe kwenye muhuri.

Baltiki ya 1918 hadi 1920 ndiko mtu anakoweza kujifunza haraka zaidi kwamba mambo hayo 2, stempu na safari yake, lazima yasomwe pamoja. Estonia ilitoa stempu yake ya kwanza Novemba 1918, pambo la maua lililochorwa na Rudolf Zero. Lithuania ilifuata tarehe 27 Desemba mwaka huohuo, kwa stempu zilizopangwa kwa herufi za kawaida za kiwanda cha chapa mjini Vilnius, bila picha yoyote, kwa sababu hapakuwa na muda wala vifaa. Siku chache baadaye serikali ilihamia Kaunas, na Jeshi Jekundu likaingia Vilnius mwanzoni mwa Januari 1919. Stempu hizo za Vilnius ziliishi kwa siku, wala si kwa miezi. Ukiletewa bahasha yenye stempu hiyo na muhuri wa Vilnius wa katikati ya Januari, usianze kwa kutazama rangi ya wino. Anza kwa kuuliza nani aliyekuwa akiishika ofisi ya posta siku hiyo.

Latvia iliendelea kuteseka kwa uhaba wa karatasi, na uhaba huo umetuachia kumbukumbu ambazo hakuna mwanahistoria angezibuni. Baada ya ramani, stempu zilichapwa kwenye karatasi yenye mistari na kwenye karatasi ya kusokotea sigara. Mwaka 1919 kamanda Pavel Bermondt-Avalov, aliyeungwa mkono na vikosi vya Kijerumani, alijitangazia jeshi lake na fedha yake, akaishambulia Riga mwezi Oktoba, akapigwa. Noti zake ambazo hazikumalizika kuchapwa zilitekwa. Mwaka 1920 Latvia ilichapa nyuma yake stempu za Msalaba Mwekundu, za kuchangia majeruhi. Nyingine zilichapwa nyuma ya noti za baraza la wafanyakazi la Wabolsheviki wa Riga. Kwa hiyo maadui wote 2 wa taifa hilo, wa kulia na wa kushoto, waligeuzwa karatasi ya kuwasaidia waliojeruhiwa. Stempu hizi si ghali, na ningemshauri anayeanza azinunue kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu upande wa nyuma unasomesha kuliko wa mbele.

Anayetaka kazi ya maisha yake yote achague mji mmoja, na katika eneo hili sijui mji uliobeba mengi kuliko Vilnius. Chini ya Tsar ulitumia stempu za himaya. Wajerumani walipouteka katika Vita vya Kwanza, ulitumia stempu zao zilizoongezewa maandishi ya eneo lao la mashariki, Ob. Ost. Zikaja za Lithuania, wakaja Wabolsheviki, ikaja Poland. Kati ya 1920 na 1922 ulikuwa makao ya Lithuania ya Kati, dola iliyoundwa na jenerali wa Kipolandi na iliyotoa stempu zake, kisha ukawa Poland kamili. Oktoba 1939 Wasovieti waliukabidhi kwa Lithuania, mwaka 1940 wakaimeza Lithuania nzima, mwaka 1941 stempu za Kisovieti zikapigwa juu neno VILNIUS, baadaye zikaja zenye kichwa cha Hitler na neno OSTLAND, na mwaka 1944 Wasovieti wakarudi. Lithuania ilitangaza tena uhuru Machi 1990 na kutoa stempu zake Oktoba mwaka huo, karibu mwaka mzima kabla Moscow haijautambua uhuru huo. Mtu aliyezaliwa Vilnius mwaka 1910 na kufa huko 1992 angeweza kupokea barua zenye stempu hizo zote bila kuhama nyumba.

Sasa tuje kwenye uozo, kwa maana haufai kufichwa. Kuongeza maandishi juu ya stempu ya zamani ni kazi rahisi: stempu za Tsar zilibaki kwa mamilioni, na anayetaka kughushi anahitaji herufi chache za chuma na wino. Maandishi ya Eesti Post yaliyopigwa Tallinn mwaka 1919 juu ya stempu za Urusi yameghushiwa kiasi kwamba mfano usio na cheti usinunuliwe kabisa. Bermondt-Avalov alipiga chapa zake juu ya stempu za Latvia, na majeshi mengine ya wapinzani wa Wabolsheviki huko kaskazini-magharibi nayo yakatoa za kwao mwaka 1919. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikwenda moja kwa moja kwa wafanyabiashara, haikuona mfuko wa barua. Mwaka 1922 stempu za ada za kibalozi za Urusi ziliongezewa bei za maki za Kijerumani kwa ajili ya barua za ndege kutoka Berlin, kwenye njia iliyopita Königsberg na Kaunas hadi Moscow. Ile iliyopigwa juu ya stempu ya kopeki 50 ni miongoni mwa vitu ghali kuliko vyote vya kipindi cha Kisovieti, na kwa sababu hiyohiyo ni miongoni mwa vinavyoghushiwa zaidi. Baada ya 1991 mafuriko yalirudi: mikoa, miji na hata jamhuri zisizotambuliwa na yeyote zilijazwa kwenye albamu za wageni kwa chapa zilizopigwa juu ya stempu za Kisovieti. Nyingi ya hizo hazikulipia barua hata moja.

Mkusanyaji wa stempu tupu anajikinga kwa cheti cha mtaalamu, na cheti ni lazima. Mkusanyaji wa bahasha ana kinga zaidi, kwa sababu bahasha inajieleza kwa njia nyingi na mghushi lazima azijue zote. Je, jumla ya stempu inalingana na kiwango cha malipo cha siku hiyo kwa uzito huo na nchi hiyo? Je, treni au meli ilikuwapo? Je, muhuri wa kupokelea uko nyuma, na siku kati ya mihuri 2 zinaingia akilini? Hapa kuna mtego mzuri wa kalenda. Urusi, pamoja na mikoa yake ya Baltiki, ilitumia kalenda ya kale hadi mwanzoni mwa 1918, ikiwa nyuma ya Ulaya Magharibi kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20. Barua iliyotumwa kutoka Berlin tarehe 20 Machi 1905 inaweza kuwa na muhuri wa Riga wa tarehe 9 Machi. Kwa asiyejua, ilifika kabla ya kutumwa. Kwa anayejua, ilichukua siku 2, ndivyo treni ilivyokwenda. Mghushi mvivu huweka tarehe zinazofuatana vizuri, na uzuri huo ndio unaomfichua.

Miji nayo ilibadilishwa majina, na muhuri unapaswa kufuata mabadiliko hayo. Dorpat iligeuzwa Yuryev mwaka 1893, na leo ni Tartu. Dünaburg iligeuzwa Dvinsk mwaka huohuo, na leo ni Daugavpils. Mihuri ya nyakati hizo ni kumbukumbu ya sera ya kuwafanya watu wa Baltiki kuwa Warusi, na imehifadhiwa kwenye bahasha za biashara ambazo waandishi wake hawakuwa na habari yoyote ya siasa.

Historia ya posta pia inavuka ramani kwa namna ambayo albamu ya stempu haiwezi. Oktoba 1904 kikosi kikubwa cha manowari za Urusi kiliondoka Libau, leo Liepāja nchini Latvia, kuelekea vita na Japani. Kikaizunguka Afrika, na mwanzoni mwa 1905 kikatia nanga kwa zaidi ya miezi 2 Nosy Be, kisiwa cha kaskazini-magharibi mwa Madagaska, katika bahari hii yetu, si mbali na Komoro. Mabaharia waliozoea barafu walikaa kwenye joto la kaskazi wakingoja amri, na waliandika nyumbani. Mhandisi wa meli Evgeny Politovsky alimwandikia mkewe mara kwa mara. Alikufa kwenye mapigano ya Tsushima Mei 1905, na barua zake zikachapishwa kuwa kitabu. Bahasha au kadi ya posta iliyotoka kwa baharia wa kikosi hicho ikiwa Nosy Be ni historia ya Baltiki, ya Urusi na ya Bahari ya Hindi kwa pamoja, na hakuna katalogi ya stempu inayoweza kuipa bei ya maana.

Kuna kundi jingine ambalo bei yake sitaki hata kuijadili. Katika Vita vya Pili askari wa Kisovieti walikunja barua zao kuwa pembetatu, bila bahasha na bila stempu, kwa sababu karatasi ilikuwa haba na posta ya askari ilikuwa bure. Juu yake utaona muhuri wa wakaguzi wa jeshi. Familia nyingi zilihifadhi pembetatu ya mwisho kutoka kwa mtu ambaye hakurudi. Tarehe 14 Juni 1941, siku chache kabla ya Wajerumani kuvamia, Wasovieti waliwachukua watu kutoka Latvia, Lithuania na Estonia na kuwapeleka Siberia. Kutoka Latvia peke yake walikuwa zaidi ya 15,000. Waliokosa karatasi waliandika kwenye maganda ya mti wa birch. Barua kadhaa za namna hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho za Latvia, na mwaka 2009 ziliingizwa katika orodha ya taifa hilo ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Hazina stempu yoyote ya kupendeza. Nyingine zina muhuri tu na anwani iliyofifia. Mkusanyaji anayekutana na barua za namna hii sokoni ana wajibu wa kuuliza zilitoka kwa nani, na kama familia au makumbusho wanazihitaji, kabla ya kuuliza shilingi ngapi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuingia katika fani hii, gharama si kizuizi kama inavyodhaniwa. Stempu za mwanzo za Latvia, nyuso za Romanov, upanga na mnyororo, na bahasha za kawaida za Kisovieti zinapatikana kwa pesa ndogo. Tumia fedha zako kwenye vitabu na viwango vya malipo kwanza. Nunua bahasha moja unayoweza kuieleza kuanzia mtumaji hadi mpokeaji, badala ya stempu 100 ambazo huwezi kuzieleza. Jiepushe na chochote chenye maandishi yaliyoongezwa juu mpaka mtaalamu amekithibitisha.

Na kuna bahasha ambazo hazimo London wala Geneva. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda walikwenda kusoma katika Muungano wa Kisovieti, wengi wao katika chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, mwaka ambao posta ya Kisovieti ilitoa pia stempu yenye uso wake. Waliandika nyumbani. Barua hizo ziko kwenye masanduku ya chuma na makabati ya wazee wetu, kuanzia Unguja hadi Kisumu, na hakuna aliyeziandikia katalogi. Kama unazo, usikate stempu kuwapa watoto. Acha bahasha nzima pamoja na barua yake, iweke mahali pakavu mbali na jua na mchwa, kisha andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni nani alimwandikia nani, kutoka mji gani, na alikuwa akisomea nini, maadamu wenye kumbukumbu hizo bado wako hai.